Taa ya Kijani Ilinidanganya

Niliahidi makala kuhusu ile miezi mitatu ya giza kule Unguja, na wapo walioanza kuniuliza imefia wapi. Imefia mezani kwangu, Jumanne usiku, saa tatu na dakika kumi hivi. Ila kufa kwake kumenionyesha jambo ambalo nisingeliona, kwa hiyo naomba mnivumilie nianzie chini ya meza yangu, nipitie Sweden na Japani, halafu ndipo tuvuke maji mpaka Unguja.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa naandika mahojiano niliyofanya na bibi mmoja wa Ng'ambo, pale mjini Zanzibar, ambaye miaka hiyo alikuwa akiuza barafu na juisi ya ukwaju mlangoni kwake. Nasikiliza, nasimamisha, naandika, narudisha nyuma. Kazi ya kuchosha macho na masikio. Nilikuwa nimefika ukurasa wa sita umeme ulipokatika.

Sikushtuka hata kidogo. Chini ya meza nina UPS niliyoinunua miaka minne iliyopita, na tangu siku hiyo taa yake ya kijani haijawahi kunikosesha raha. Nilikuwa nasubiri ile sauti yake ya "pii, pii" ya kuniambia niko salama, hifadhi kazi yako, zima taratibu. Sauti haikuja. Kompyuta ilizima sawia na feni na taa ya jirani, kwa mkupuo mmoja. Nikabonyeza kitufe cha UPS. Kimya. Nikabonyeza na kushikilia. Kimya. Nikaipiga kibao, kama tunavyofanya wote. Kurasa sita zikaenda.

Asubuhi nikaibeba kwenye mfuko wa rambo mpaka kwa fundi wa mtaani kwetu.

"Ilikuwa inafanya kazi?" akaniuliza.

"Ilikuwa nzima kabisa, kaka. Taa ya kijani inawaka muda wote."

"Hiyo taa inakwambia umeme wa ukutani upo. Mimi nimekuuliza betri."

Hapo ndipo somo lilipoanza. Alichomeka UPS kwenye soketi yake, taa ya kijani ikawaka. Akachomoa, ikafa. Akatazama nyuma, kwenye kile kitufe kidogo cha kinga ambacho huruka mzigo ukizidi, hakikuwa kimeruka. Akapima fyuzi, nzima. Akafungua tumbo, akavuta waya mwekundu na mweusi kuona kama umelegea kwenye betri, haukulegea. Kisha akaigusa betri yenyewe kwa vidole na kunionyesha: mbavu zake zilikuwa zimetuna.

Akaweka mita. Volti 12.4. Mimi nikafurahi, maana betri imeandikwa volti 12. Fundi hakufurahi. Akachukua taa ya pikipiki, akaiunga kwenye betri ileile huku mita ikiwa palepale. Taa ikatoa wekundu kama wa moshi wa sigara, na namba ya kwenye mita ikaporomoka chini ya 7.

"Unaona? Huyu ni mzee anayeitikia salamu akiwa amekaa. Mwambie anyanyuke uone."

Akanieleza kwamba UPS nyingi ndogo hubeba betri ya risasi na asidi, ambayo kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano. Lakini hesabu hiyo ni ya mahali penye ubaridi wa nyuzi 25 hivi. Kila joto linapopanda nyuzi kama 10 juu ya hapo, umri wake hukatika karibu nusu. Mimi nalala chini ya bati. Betri yangu ilikuwa imekufa siku nyingi, ikiwa imechomekwa ukutani na taa imewaka. Na kwa kuwa hata ule ubongo mdogo unaoiamsha UPS wakati hakuna umeme unakula kwenye betri hiyohiyo, kubonyeza kitufe hakukuwa na maana yoyote. Nilikuwa nabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Kisha akaniuliza swali ambalo limenikosesha usingizi wiki nzima: "Mara ya mwisho uliichomoa ukutani kwa makusudi lini?"

Sijawahi. Miaka minne, sijawahi hata mara moja. Nani anayechomoa kitu kinachofanya kazi?

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kama ujinga huu ni wangu peke yangu. Si wangu peke yangu, na wapo waliokaribia kuulipia kwa gharama ambayo huwezi kuipima kwa kurasa sita.

Tuanze na Sweden. Tarehe 25 Julai 2006, mafundi walikuwa wakifanya matengenezo kwenye uwanja wa umeme wa kilovolti 400 nje ya kinu cha nyuklia cha Forsmark. Kosa likafanyika, ikatokea shoti kubwa, na kinu nambari 1 kikatengwa na gridi ya taifa. Kinu cha nyuklia si jiko la mkaa kwamba ukikizima umemaliza. Hata baada ya kuzimwa huendelea kutoa joto, na joto hilo lazima liondolewe kwa pampu za maji, na pampu zinataka umeme. Ndiyo maana Forsmark ilikuwa na njia nne za akiba, kila moja na betri zake na jenereta yake ya dizeli. Wahandisi waliziita A, B, C na D. Nne! Ukiambiwa hivyo unalala usingizi.

Siku hiyo ile shoti ilisukuma mtikisiko wa volti mpaka ndani ya kinu, na UPS mbili kati ya nne zikazima. Zilikuwa za aina moja, mtikisiko uliozipata ulikuwa mmoja, na bahati tu ndiyo iliyofanya mbili nyingine zisalimike. Sasa sikiliza sehemu inayoniumiza. Jenereta za A na B ziliwaka. Injini zilikuwa zinanguruma. Lakini hazikuweza kuunganishwa kwenye mtambo, kwa sababu kile kipimo cha mwendo wa injini, kinachosema "sasa ipo tayari, iunganishe", kilikuwa kinapata umeme wake kutoka kwenye UPS zilezile zilizozima. Jenereta ilikuwa inazalisha umeme lakini haikuwa na umeme kidogo wa kusema kwamba inazalisha umeme.

Katika chumba cha waendeshaji baadhi ya skrini na vipimo vilikuwa vimezima pia, kwa hiyo watu wale walikuwa wakifanya uamuzi nusu wakiwa gizani. Ilichukua dakika 22 hivi mpaka wakaunganisha jenereta mbili zile kwa mkono. Njia C na D zilitosha kupoza kinu, hakuna aliyeumia, na tukio likapewa daraja la 2 kwenye kipimo cha kimataifa chenye madaraja 7. Watu wengi duniani hawakulisikia kabisa. Lakini wahandisi walilisikia, maana liliwaonyesha kwamba akiba nne zinazotegemea kitu cha aina moja zinaweza kwenda pamoja kwa siku moja.

Miaka mitano baadaye ikaja Fukushima. Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana kwa saa za Japani, tetemeko likakata njia zote za umeme wa nje zilizokuwa zinaingia kwenye kituo cha Fukushima Daiichi. Na hapa lazima tuwe waadilifu: jenereta ziliwaka. Hakuna betri iliyotuna, hakuna kipimo kilichonyamaza. Kwa muda wa dakika kama 50 akiba ilifanya kazi yake kama ilivyoandikwa kwenye vitabu.

Halafu bahari ikaja. Mawimbi yalizidi urefu wa mita 13 na kuruka ngome. Jenereta nyingi zilikuwa zimewekwa vyumba vya chini vya majengo, na maji yanajua njia ya kwenda chini. Zikazama, na masanduku ya kugawia umeme yakazama nazo. Katika vinu namba 1 na 2 hata betri za ndani zikazama. Wafanyakazi wakaenda kuchomoa betri za magari kwenye maegesho, wakaziunga pamoja ili angalau vipimo viwake wajue ndani ya kinu kuna nini. Nilipolisoma hilo nilikumbuka taa ya pikipiki ya fundi wetu. Magari yenye jenereta yalitumwa, mengine yakakwama kwenye foleni na barabara zilizoharibika. Waya uliotandazwa kwa tabu kuunga gari mojawapo uliharibiwa na mlipuko wa haidrojeni wa tarehe 12 Machi, hata kabla kazi yake haijaanza kuonekana.

Jenereta moja ilisalimika, ya kinu namba 6. Ilikuwa imewekwa mahali pa juu zaidi, na ilipozwa kwa hewa badala ya maji ya bahari. Hiyo moja ndiyo iliyowaokoa kinu namba 5 na namba 6. Haikuwa bora kuliko wenzake kwa nguvu. Ilikuwa tofauti nao, na ilikaa pengine. Basi.

Sasa tuvuke maji.

Unguja iliwahi kujizalishia umeme wake kwa jenereta za dizeli. Mwaka 1980 ukaja waya wa chini ya bahari wa kilovolti 132, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara mpaka Fumba, na kisiwa kikaanza kunywa umeme wa gridi ya bara. Ulikuwa uamuzi wa maana. Umeme wa mabwawa ulikuwa rahisi kuliko wa dizeli, na nani atake kelele na moshi wakati waya upo? Taa zikawaka, mji ukakua, hoteli zikaja, vijiji vikaunganishwa. Kwa miaka 28 taa ya kijani iliwaka.

Tarehe 21 Mei 2008, usiku, umeme ukakatika Unguja nzima. Watu walidhani ni mambo ya saa moja au mawili. Haukurudi mpaka tarehe 18 Juni. Karibu mwezi mzima. Kisiwani hapakuwa na mtambo wa akiba wa kuweza kuubeba mji. Pampu za maji zinatumia umeme, kwa hiyo na maji yakaondoka. Ndoo zikarudi vichwani, visima vya zamani vikafunguliwa. Wenye hoteli kubwa wakawasha jenereta. Fundi cherehani wa mashine ya umeme, kinyozi, mchomeleaji, muuza samaki mwenye friza, hao wakakaa.

Upo utafiti ambao sijaacha kuufikiria. Mchumi mmoja, Alfredo Burlando, alichukua kumbukumbu za wodi ya wazazi na mwaka 2014 akachapisha alichokiona: watoto ambao mimba zao zilikuwa changa wakati wa giza lile walizaliwa na uzito mdogo kuliko kawaida. Na chanzo alichokiona ni kipato. Baba au mama alikosa kazi wiki nne, sahani ikapungua, na mtoto ambaye hajazaliwa akalipa. Nilikuwa naandika habari za umeme kama habari za nyaya na mitambo. Kumbe waya ukikatika Fumba, unaweza kuuona kwenye mizani ya mkunga miezi kadhaa baadaye.

Mtasema, basi baada ya hapo kila mtu alijifunza. Hata mimi nilidhani hivyo. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ukakatika tena. Safari hii ulirudi tarehe 9 Machi 2010. Miezi mitatu. Krismasi, mwaka mpya, na msimu wa wageni vyote vikapita gizani. Kati ya giza la kwanza na la pili ni mwaka mmoja na nusu hivi.

Na kuna kichekesho hapa, kama unaweza kucheka. Wakati Unguja iko gizani, Pemba taa zinawaka. Pemba ilikuwa bado haijaunganishwa na gridi, ilikuwa inategemea jenereta zake za dizeli, jambo ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa ni unyonge wake. Waya wake wa kutoka Tanga ulianza kazi mwaka huohuo wa 2010.

Sitaki kuwa mwepesi wa kulaumu. Mpango wa waya mpya wa Unguja ulikuwepo kwenye makaratasi kabla hata ya giza la kwanza: ulikuwa ndani ya msaada wa dola milioni 698 ambao Marekani na Tanzania walitia saini Februari 2008. Lakini waya wa bahari haununuliwi dukani. Ule mpya, wenye uwezo wa megawati 100, ulikuja kukamilika mwaka 2013. Jenereta za akiba ziliwekwa Mtoni baada ya maumivu. Kati ya saini na waya, watu waliishi.

Turudi kwa bibi yangu wa barafu. Kurasa zangu zilipotea, lakini sauti yake ninayo bado kwenye simu. Ikabidi nianze upya. Na safari hii nikasikia kitu ambacho mara ya kwanza nilikipita, kwa sababu nilikuwa natafuta habari kubwa za nchi.

Nilikuwa nimemuuliza: "Bibi, lile giza la pili liliwakuta mkiwa mmejiandaa?"

Akacheka. "Mwanangu, sisi jenereta tunayo. Kijana wangu kaninunulia baada ya lile giza la mwanzo, kasema mama hutoteseka tena. Tukaitia stoo, tukaifunika gunia. Umeme uliporudi nani aiguse? Ilipokuja Disemba tukaitoa. Kavuta kamba, kavuta kamba, mpaka mkono umemvimba. Imekataa."

Walimwita fundi siku ya tatu. Kwanza alitazama oili, maana jenereta ndogo nyingi hukataa kuwaka oili ikiwa chini, zinajilinda. Oili ilikuwepo. Akafungua plagi, akaona cheche. Koki ya mafuta ilikuwa wazi. Ndipo akafungua kabureta, na humo akakuta petroli ya mwaka mzima na ushei imegeuka kitu kama asali, imeziba kile kitundu chembamba kinachopitisha mafuta. Petroli haikai. Ikiachwa miezi inaoza, kama chakula. Alisafisha, akamwaga tangi, akatia mafuta mapya, ikawaka kwa mvuto wa pili. Siku tatu hizo, bibi anasema, alimwaga juisi yote na samaki wa jirani aliokuwa kamhifadhia kwenye friza. Kesi ya samaki wale, anasema, haijesha mpaka leo.

Nilisimamisha sauti hapo. Betri yangu, jenereta ya bibi, na kisiwa kizima: hadithi ni moja. Kila mmoja wetu alikuwa ameshaumia mara moja, au amesikia walioumia. Tulinunua kitu au tulitia saini karatasi, halafu umeme ukarudi, na umeme ukirudi unatufanyia jambo baya sana, unatusahaulisha. Akiba haifi siku ya shida. Siku ya shida ndiyo siku ya kusomwa tangazo la msiba wake.

Ndiyo maana swali la fundi wetu ni zito kuliko linavyosikika. Ukiliuliza kwa jenereta ya hospitali ya wilaya unayoijua, au kwa friji ya chanjo ya zahanati ya kijijini kwenu, ni swali la kiandishi kabisa. Tumezoea kuuliza: mnayo jenereta? Tunajibiwa tunayo, tunapiga picha, tunaondoka. Kuanzia sasa nitauliza: iliwashwa lini mara ya mwisho, ikiwa na mzigo, kwa dakika ngapi, na mafuta yaliyomo ni ya mwezi gani? Na kama ninaruhusiwa, nitaomba iwashwe nikiwa nimesimama pale.

Nimenunua betri mpya. Jumapili, nikiwa nimehifadhi kila kitu, niliinama chini ya meza nikachomoa waya ukutani. Ikalia, pii, pii. Nikawasha saa ya simu nikakaa sakafuni kuisikiliza. Ilidumu dakika 11. Nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika ubavuni mwa UPS, juu kidogo ya ile taa ya kijani: tarehe, na dakika 11. Mwezi ujao nitaandika namba nyingine chini yake.

Kisha nikampigia bibi kumwambia kwamba makala inakaribia. Nikamuuliza na habari za jenereta.

"Ipo stoo," akasema. Akanyamaza kidogo. "Ngoja nimwite kijana."